Kuhujumu, kuvujisha, kukataa au kuziba njia: vijana wa hadithi yako waizuie vipi silaha?

Hadithi ya vijana wachache wanaoshindana na utawala wa kimabavu kabla haujaiwasha silaha yake kuu haina shida kuianza. Mji uliogeuka magofu, ukuta, kaka aliyechukuliwa usiku, fununu za kitu kinachojengwa chini ya ardhi: sura tatu zimekwisha. Shida huja sura ya nne, pale msomaji anapouliza, "Haya, wanaizuiaje?" Wengi hujinasua kwa kitufe. Shujaa anapenya hadi chumba cha mitambo, anabonyeza, taa zinazimika, umati unashangilia. Msomaji aliyekulia kwenye komiki na michezo ya kompyuta ameshakiona kitufe hicho mara mia.

Hapa tunapambanisha njia tano. Kila moja imewahi kujaribiwa na watu wa kweli mbele ya silaha za kweli, au za kuogopwa kuwa za kweli, kwa hiyo inajulikana ilipofanya kazi na ilipokwama. Ukubwa wa mlipuko usikusumbue mapema. Swali la kuanzia ni vijana wako wameshika nini: wanalijua eneo, wamo ndani, wamekabidhiwa ufunguo, au hawana kitu ila miili yao?

| Njia | Tukio la kuegemea | Wahusika | Muda | Kinachoharibika kwanza |
|---|---|---|---|---|
| Kuhujumu kiungo | Vemork, Norwei, 1942–1944 | 6 hadi 10 | Miezi | Hali ya hewa. Baadaye, ukarabati |
| Kuvujisha siri | Los Alamos, 1944. Dimona, 1986 | 1 au 2 | Siku chache, malipo ya miaka | Siri inazaa silaha ya pili, au haibadilishi kitu |
| Kukataa amri | Nyambizi B-59, 1962; Serpukhov-15, 1983 | 1 na wenzake chumbani | Dakika au saa | Hakuna anayejua kilichotokea |
| Kuziba njia | Accra kuelekea Reggane, 1959–1960 | 15 hadi 20 | Wiki | Kizuizi cha kwanza cha barabarani |
| Kupenyeza programu | Natanz, Iran, hadi 2010 | Timu ya fani nyingi | Miaka | Programu inatoroka na kuonekana |

Kuhujumu kiungo

Ukiwa na riwaya nzima ya kujaza, anzia hapa. Kiwanda cha Vemork, karibu na mji wa Rjukan, kilikuwa cha mambo ya mbolea. Umeme wa maporomoko ulitumika kuyapasua maji ili kupata haidrojeni, na kutokana na kazi hiyo yakapatikana maji mazito (maji yenye haidrojeni ya aina nzito), ambayo wanasayansi wa Ujerumani ya Hitler waliyataka kwa kinu chao cha nyuklia. Basi vijana wa Norwei hawakulazimika kuishinda Berlin. Walilazimika kufika kwenye chumba kimoja cha chini chenye matangi 18.

Uzuri wa Vemork kwa mwandishi ni kwamba kiwanda hichohicho kilishambuliwa kwa namna nne, na kila namna ilikuwa na bei yake. Ziweke sambamba.

Ya kwanza ilikuwa tarehe 19 Novemba 1942. Waingereza walituma ndege mbili zisizo na injini, zikivutwa kwa kamba kutoka Scotland, zikiwa na wahandisi wa kijeshi. Hali ya hewa ilichafuka, barafu ikagandia, zote mbili zikaanguka. Watu 41 walikufa, baadhi kwenye ajali na wengine kwa kuuawa baada ya kukamatwa. Hasara haikuishia kwenye roho hizo. Wajerumani walitambua kuwa Vemork ndiyo inayolengwa, wakaongeza walinzi, taa na mabomu ya kutegwa ardhini. Waandishi wengi husahau kipengele hiki: jaribio lililoshindwa humfundisha adui. Vijana wako wakikosea sura ya tano, mlango wa sura ya kumi usiwe uleule.

Ya pili ndiyo inayosimuliwa zaidi. Wanorwei wanne walikuwa wamerushwa kwa miavuli tangu Oktoba kutangulia, wakakwama kwenye nyika ya juu ya Hardangervidda majira ya baridi, chakula kikaisha, wakala ukoga wa mawe mpaka walipomwangusha paa wa theluji karibu na Krismasi. Februari 1943 wakaongezwa sita. Kiongozi wa shambulio, Joachim Rønneberg, alikuwa na miaka 23. Daraja la kuingilia kiwandani lilikuwa na walinzi, kwa hiyo usiku wa kuamkia tarehe 28 Februari waliteremka korongoni, wakavuka mto ulioganda nusu, wakapanda upande wa pili na kufuata reli ya mizigo ambayo Wajerumani hawakuilinda sana. Waliamini hakuna mtu anayeweza kupita pale. Rønneberg na mwenzake wakapenya kwa mfereji wa nyaya. Utambi uliopangwa kuungua dakika mbili waliukata ukabaki sekunde 30, maana walitaka kuusikia mlipuko wenyewe kabla ya kuondoka. Kiasi cha kilo 500 za maji mazito kilimwagika. Hakuna risasi iliyofyatuliwa, na wote waliondoka hai.

Mambo matatu ya kuchukua hapo. La kwanza, walijua chumba kabla ya kukiona: mhandisi mkuu wa kiwanda, Jomar Brun, alikuwa ametoroshewa Uingereza, na walifanyia mazoezi kwenye mfano wa matangi hayohayo. Mpe kila kundi la wahujumu mtu aliyewahi kufanya kazi mle ndani. Bila yeye, ramani inayookotwa kwenye jalala itamchekesha msomaji. La pili, waliacha bunduki ya kijeshi pale kwa makusudi ili Wajerumani waone ni kazi ya askari kutoka Uingereza, wasiwaadhibu wakazi wa Rjukan. Utawala wa kimabavu huwalipizia kisasi majirani. Hadithi ambayo wanaharakati hawalifikirii hilo imeandikwa na mtu asiyewahi kuuwazia utawala wa namna hiyo. La tatu, njia ya kutoka ilikuwa ndefu kuliko ya kuingia. Watano waliteleza kwa skii kilomita 400 hivi hadi Sweden. Katika miswada mingi, mlipuko ukishatokea mwandishi anaruka moja kwa moja hadi kwenye sherehe.

Na bado, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Baada ya miezi michache kiwanda kilikuwa kinafanya kazi tena.

Ndipo likaja jaribio la tatu, tarehe 16 Novemba 1943: ndege zaidi ya 140 za Marekani, mabomu zaidi ya 700, mchana kweupe. Sehemu kubwa ya mabomu ilikosa shabaha, raia zaidi ya 20 waliuawa, na chumba cha maji mazito, kikiwa chini kabisa ya jengo la zege, hakikuguswa. Hata hivyo Wajerumani waliamua kuhamishia shehena kwao. Nguvu nyingi ikashindwa kuvunja kitu, ila ikakisukuma kitoke mafichoni.

Ya nne ni fupi, na ndiyo inayotafuna. Shehena ilipita ziwa Tinn kwa pantoni iliyobeba mabehewa ya treni pamoja na abiria wa kawaida. Knut Haukelid na wenzake wawili walitega baruti tumboni mwa chombo, usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 20 Februari 1944. Waliichagua Jumapili kwa sababu abiria huwa wachache, wakaipanga saa ili chombo kizame penye kina kirefu. Kilizama. Walikufa watu 18, na 14 kati yao walikuwa Wanorwei. Kabla ya hapo waliuliza London kama kweli ni lazima, wakajibiwa waendelee. Abiria hawakuweza kuonywa, kwani onyo lingefika kwa Wajerumani.

Kuna jambo moja waliolifanya haya hawakulijua wala hakuna aliyeweza kuwaambia wakati ule: mradi wa Ujerumani ulikuwa mbali sana na bomu. Mwandishi shupavu anaweza kuutumia ukweli huo kama pigo la mwisho. Tahadhari: ukiutumia vibaya, msomaji ataona umemlaghai kurasa 300. Dalili ziwepo tangu mapema, kwa mfano wataalamu wa adui wanaolalamika kuwa fedha hazitoshi.

Kuvujisha siri

Kikulacho ki nguoni mwako, na utawala wowote unaojenga silaha kubwa hulazimika kuajiri vijana wenye akili. Njia hii inahitaji mhusika mmoja na mazungumzo mengi ya kichwani mwake, kwa hiyo inafaa simulizi ya nafsi ya kwanza kuliko komiki.

Mifano miwili inavutana. Theodore Hall aliingia Los Alamos akiwa na miaka 18, mmoja wa wanafizikia wadogo kabisa waliotengeneza bomu la Marekani. Mwaka 1944, ametimiza 19, alipeleka siri kwa Warusi akiogopa nchi moja kuwa na bomu peke yake. Tarehe 29 Agosti 1949 Warusi walilipua lao. Kwa hesabu ya Hall dunia ilipata mizani. Kwa hesabu ya wengine ilipata silaha mbili badala ya moja. Maofisa wa usalama walimhoji mwaka 1951 lakini hakushtakiwa, maana ushahidi ulitoka kwenye ujumbe wa siri wa Kirusi uliofumbuliwa, na kuupeleka mahakamani kungewafichulia Warusi kwamba misimbo yao inasomwa. Hiyo ni fundo tamu la msuko: utawala unamjua msaliti wake na hauwezi kumgusa kwa sababu ya siri yake wenyewe.

Mordechai Vanunu, fundi wa kituo cha nyuklia cha Dimona nchini Israeli, alipiga picha ndani ya kituo na kuzipeleka kwa gazeti moja la London mwaka 1986. Tarehe 30 Septemba alishawishiwa na mwanamke hadi Roma, akatekwa. Habari ikachapishwa tarehe 5 Oktoba, yaani alipotajwa duniani tayari alikuwa kifungoni. Akipelekwa mahakamani aliandika kiganjani jinsi alivyotekwa, akakibandika kwenye dirisha la gari waandishi wakasome. Alifungwa miaka 18, zaidi ya 11 akiwa peke yake. Dimona iliendelea kufanya kazi.

Hapa ndipo miswada mingi inapoanguka. Video inarushwa kwenye kila skrini ya mji, watu wanaamka, utawala unaporomoka kabla ya jua kuchwa. Kuvujisha hakuzuii silaha; kunamlazimisha mtu mwingine aamue. Ukiichagua njia hii, hakikisha yupo huyo mwingine (jeshi la jirani, wafanyakazi wa reli, mkutano wa wazee) na msomaji amekwishamjua.

Kukataa amri

Kwa hadithi fupi, hakuna kinachoipita. Chumba kimoja, watu watatu au wanne, saa inakwenda.

Tarehe 27 Oktoba 1962 nyambizi ya Kisovieti B-59 ilikuwa karibu na Cuba ikiangushiwa mabomu madogo ya onyo na meli za Marekani. Ndani hewa ilikuwa nzito, joto limepita nyuzi 45, betri zinaisha, mawasiliano na Moscow yamekatika. Nahodha alitaka topido ya nyuklia iandaliwe. Ofisa mwenzake, Vasily Arkhipov, alimpinga mpaka nahodha akatulia. Tarehe 26 Septemba 1983, katika Serpukhov-15, kituo cha Kisovieti cha kutambua mapema mashambulizi ya makombora, satelaiti ziliripoti kombora moja kutoka Marekani, kisha mengine manne. Ofisa wa zamu, Stanislav Petrov, aliwaza kuwa atakayeanzisha vita vya nyuklia hatatuma matano tu, na rada za ardhini hazikuona kitu. Akaripoti hitilafu. Kumbe ulikuwa mwanga wa jua kwenye mawingu ya juu. Baadaye alikaripiwa kwa kutojaza daftari la kumbukumbu. Usiiache hiyo karipio: hakuna mstari unaouchora utawala wa makaratasi vizuri kuliko huo.

Kasoro ya njia hii kwa hadithi ya vijana ni umri. Arkhipov alikuwa na miaka 36, Petrov 44. Kijana hapewi ufunguo. Dawa ipo. Maofisa wa Marekani wanaokaa kwenye mahandaki ya makombora ya Minuteman wengi ni wa miaka ya ishirini, wawiliwawili, zamu ya saa 24, na swichi zao zimewekwa mbalimbali ili mtu mmoja asiweze kuzizungusha zote peke yake. Weka marafiki wawili waliosoma darasa moja kwenye viti hivyo, mmoja anaamini na mwingine ameanza kushuka imani, na huhitaji ukuta wala magofu.

Kuziba njia kwa mwili

Hii ndiyo njia ya wasio na kitu, na Afrika ina mfano wake ambao haujaandikiwa hadithi za kutosha. Ufaransa ilipotangaza kulijaribu bomu lake Reggane, katika Sahara ya Aljeria, kundi lisilofika watu 20 liliondoka Accra Desemba 1959 likikusudia kufika eneo la mlipuko na kukaa pale. Walikuwemo Waghana, Wamarekani kama Bayard Rustin na Bill Sutherland (aliyekuja kuishi Dar es Salaam), Waingereza kama Michael Randle wa miaka 25. Kutoka Accra hadi Reggane ni zaidi ya kilomita 2,300 hata ukinyoosha kama ndege. Walizuiwa Bittou, punde baada ya kuvuka mpaka kuingia Volta ya Juu, Burkina Faso ya sasa. Walijaribu tena na tena, wakarudishwa. Tarehe 13 Februari 1960 bomu la kilotani 70 hivi lililipuka, zaidi ya mara nne ya lile la Hiroshima.

Wameshindwa? Kwa msuko, ndiyo, na mwandishi asijifanye vingine. Lakini Ghana ilizuia mali za Wafaransa, na baada ya jaribio la tatu Nigeria ilivunja uhusiano wa kibalozi, Januari 1961. Majaribio ya hewani Reggane yakakomea manne, Ufaransa ikahamia chini ya ardhi, In Ekker, hadi 1966. Mkataba wa Pelindaba unaolifanya bara hili kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia ulisainiwa 1996 na kuanza kufanya kazi tarehe 15 Julai 2009, pale Burundi ilipoleta idhini ya 28 iliyokuwa ikisubiriwa. Ni miaka 50 karibu kamili tangu magari yale yaondoke Accra. Njia hii inadai umbo la vizazi: bibi aliyerudishwa mpakani, mjukuu anayekuta vipeperushi sandukuni. Ukiilazimisha imalizike kwa wiki moja itakuwa huzuni tupu.

Kosa la kawaida kiufundi ni kulisahau tumbo la safari: mafuta, maji, spea, karatasi za gari. Kizuizi cha barabarani hakimshindi mtu kwa bunduki peke yake. Humshinda kwa kumkalisha pale mpaka akiba iishe.

Kupenyeza programu

Tunaiweka mwisho kwa sababu inapendwa kupita uwezo wake. Kijana mmoja, kompyuta mpakato moja, usiku mmoja: hapana. Programu haribifu iliyogunduliwa Juni 2010 na kupewa jina Stuxnet iliharibu sentrifuji (mashine zinazozunguka kwa kasi kurutubisha urani) zipatazo 1,000 kwenye kiwanda cha Natanz, Iran, na inaaminika ilikuwa kazi ya dola, si ya chumba cha kulala. Mtandao wa kiwanda haukuunganishwa na intaneti, kwa hiyo ilipita kwa vifaa vya kuchomeka. Ilibadili kasi ya mashine, ikizipandisha kupita kiasi kisha kuzishusha mno, huku ikiwaonyesha mafundi vipimo vilivyorekodiwa siku ambazo kila kitu kilikuwa sawa. Anayetaka kuiandika kwa haki anahitaji mtu anayezijua mashine zenyewe, si kompyuta tu, na mtu wa kukibeba kifaa hadi ndani. Huyo wa kubeba, fundi au mfagizi asiyejua alichonacho mfukoni, ndiye mhusika wa kumfuata.

Ukitaka mandhari ya kwetu

Mbili ziko tayari. Katanga kuna Shinkolobwe, mgodi uliotoa sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya kwanza ya Marekani. Tani zipatazo 1,200 za mbale, yaani mawe yenye urani, zilikuwa zimehifadhiwa Staten Island, New York, tangu 1940 kwa uamuzi wa Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya mgodi. Kiungo kilikuwa mikononi mwa wachimbaji waliosema Kiswahili, na hakuna aliyewaambia wanachimba nini. Hiyo ni kuhujumu au kuvujisha, chagua.

Ya pili ni Ngomeni karibu na Malindi, ambako Waitalia walirusha satelaiti kutoka jukwaa la San Marco baharini kati ya 1967 na 1988, mojawapo ikiitwa Uhuru, tarehe 12 Desemba 1970. Pwani ile iko nyuzi tatu tu kusini ya ikweta, na dunia yenyewe, kwa kuzunguka kwake, hukisukuma chombo. Silaha yako ikiwa angani kilomita 400 juu, itaizunguka dunia kwa dakika 92 hivi, na kituo cha ardhini kitaiona kwa dakika zisizofika kumi kila inapopita. Amri lazima ipite ndani ya dakika hizo. Una saa ya ukutani bila kuibuni.

Kwa maneno 3,000, chukua kukataa amri. Kwa riwaya ya nafsi ya kwanza, kuvujisha, na umpe msaliti wako kinga isiyotarajiwa kama ya Hall. Kwa mfululizo wa komiki chukua Vemork, lakini usianzie kwenye skii. Anzia Jumapili asubuhi kwenye gati, abiria wakipanda na vikapu vyao, na kijana mmoja pembeni akiwahesabu.